Dagaa wa Kuku, Dagaa wa Watu

Katika masoko ya Tandale, wilayani Kinondoni, na Tandika, wilayani Temeke, dagaa wakavu huuzwa kwa majina mawili yasiyohitaji maelezo kwa mteja wa kila siku: dagaa wa kula na dagaa wa kuku. Samaki ni yuleyule wa Ziwa Victoria, amesafirishwa kutoka Mwanza kwa barabara ileile, na mara nyingi magunia yake yamepangwa bega kwa bega kwenye kibaraza kimoja. Kinachotofautisha gunia la kwanza na la pili ni mahali samaki alipoanikwa, muda aliokaa ghalani, na kiasi cha mchanga kinachobaki kiganjani mtu anapomchota. Tofauti hiyo, ambayo kwa jicho la haraka ni ndogo, inabeba sehemu kubwa ya jibu la swali ambalo watu wengi hulichukulia kuwa la mzaha, nalo ni kama binadamu anaweza kula chakula cha wanyama, na ikiwa anaweza, kama inampasa kufanya hivyo.

Chakula cha wanyama kinachozungumzwa hapa kina mafungu mawili. La kwanza ni chakula cha mifugo, yaani kuku, ng'ombe na nguruwe, ambacho kwa kawaida ni mchanganyiko wa nafaka, mabaki ya mbegu za mafuta na samaki wakavu. La pili ni chakula cha mbwa na paka kinachotengenezwa viwandani, kikiwa punje kavu ndani ya mifuko au nyama laini ndani ya makopo. Katika nchi tajiri swali la binadamu kula fungu hili la pili limekuwa likihusishwa na umaskini, kwa kuwa huko hofu ya siku nyingi ni kwamba mtu asiyemudu nyama anaweza kujikuta akinunua kopo la paka. Dar es Salaam mambo yamegeuka: mifuko ya punje kavu inayopatikana katika maduka makubwa ya Masaki na Mikocheni huagizwa kutoka nje, na kilo yake moja huuzwa kwa bei inayozidi mara kadhaa bei ya kilo ya sembe, hivyo hakuna mkazi wa Mbagala au Bunju atakayeinunua kwa lengo la kubana matumizi. Pembezoni mwa jiji hili swali huingia kwa mlango mwingine, ambao ni ule wa malighafi zinazovuka kila siku kutoka chungu cha mtu kwenda bakuli la mnyama, na wakati mwingine kurudi.

Mashine moja, njia mbili

Mahindi ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Katika mashine za kukoboa na kusaga zilizotapakaa Tandale, Manzese, Tandika na Mbagala, mahindi humiminwa kwenye mashine ya kukobolea, ambayo huyasugua mpaka ganda la nje na kiini, yaani ile sehemu ya punje inayoota, vikabanduka. Hapo punje hugawanyika njia mbili. Upande mmoja hutoka mahindi meupe yaliyokobolewa, ambayo huoshwa, hulowekwa na kuanikwa kabla ya kusagwa kuwa sembe. Upande mwingine, kupitia bomba lililofungwa kwenye mdomo wa gunia, hutiririka pumba, unga wa rangi ya majani makavu ulio laini na wenye mafuta kiasi cha kuacha utelezi vidoleni. Mfanyakazi aliyefunikwa na vumbi mpaka kwenye kope hulifunga gunia likijaa, akaliegemeza ukutani, na hapo ndipo wafugaji wa Boko, Bunju, Chamazi na Toangoma hulikuta.

Mgawanyo huo una kinaya chake. Sehemu kubwa ya mafuta ya punje ya mahindi, vitamini za kundi B, na madini kama chuma na zinki hukaa kwenye kiini na kwenye maganda, na si kwenye wanga mweupe wa katikati. Kwa hiyo familia inayokula sembe na kumpelekea kuku pumba imempa ndege ile sehemu ya punje yenye virutubishi vingi zaidi. Wataalamu wa lishe nchini wamehimiza kwa miaka mingi matumizi ya dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, kwa sababu hiyohiyo. Ni kweli pia kwamba ukungu na sumu zake huanza kushambulia nje ya punje na kwenye kiini, hivyo mahindi yakiwa yameharibika pumba hubeba sumu nyingi kuliko sembe iliyotoka kwenye punje zilezile. Pumba, basi, ni chakula bora na ni chakula cha hatari kwa wakati mmoja, na hakuna anayeweza kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kwa kulitazama gunia kwa nje.

Kutoka mashineni pumba huelekea kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, au moja kwa moja kwenye banda la mfugaji, ambako huchanganywa na mashudu, ambayo ni makapi yanayobaki baada ya alizeti au mbegu za pamba kukamuliwa mafuta, pamoja na dagaa waliosagwa, chokaa, mifupa iliyosagwa, chumvi, na kiasi kidogo cha vitamini na madini ya dukani. Kazi hiyo aghalabu hufanyika sakafuni, kwa koleo, mtu akigeuza lundo upande huu na upande ule kama anayechanganya mchanga na saruji. Mbwa wa mlinzi naye, ambaye katika mitaa mingi ya Temeke hulala nje na kuamka usiku, hupikiwa ugali wa pumba au wa dona ukiwa na dagaa au utumbo wa kuku ndani yake, au hupewa wali wa chenga, ilhali paka hujitafutia vichwa vya samaki karibu na jiko. Ukiviorodhesha vyakula hivyo kimoja kimoja, karibu vyote ni vitu ambavyo binadamu wa mtaa huohuo hula au angeweza kula.

Mabaki ya nani?

Lawama inayotolewa mara nyingi dhidi ya chakula cha mbwa cha viwandani ni kwamba hutengenezwa kwa mabaki, yaani mapafu, wengu, matumbo, vichwa, miguu na mifupa. Lawama hiyo ina uzito London au Chicago kuliko Tandika. Huko Marekani, tangu 1971, kanuni za ukaguzi wa nyama zimekataza mapafu ya mifugo kutumiwa kama chakula cha binadamu, na sehemu ya mapafu hayo huishia kwenye viwanda vya chakula cha mbwa. Hapa nchini kiungo hichohicho huitwa mapupu, hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwa chumvi na ndimu, na huuzwa jioni katika bakuli la supu lenye pilipili pembeni. Miguu na vichwa vya kuku, utumbo, makongoro na kichwa cha ng'ombe, ambavyo katika machinjio ya Ulaya huhesabiwa kuwa bidhaa za pembeni, ni biashara ya kutwa nzima kwa wauza supu na wauza vya kukaanga wa Mbagala Rangi Tatu.

Kwa hiyo neno mabaki linaeleza zaidi mazoea ya jamii inayolitumia kuliko kitu chenyewe. Jambo hilo lilijitokeza waziwazi katika mjadala wa mapanki. Viwanda vya kuchakata sangara vilivyostawi Mwanza katika miaka ya 1990 vilikata minofu kwa ajili ya soko la nje na kubakiza kichwa na uti wa mgongo wenye vipande vya nyama, na mafupa hayo, yaliyopewa jina la mapanki, yaligawanyika njia mbili kama mahindi mashineni: mengine yalisagwa kuwa chakula cha mifugo, mengine yalikaushwa, yakakaangwa na kuliwa na watu wasiomudu bei ya minofu. Filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyotoka 2004, iliyaonyesha mapanki hayo kwa ulimwengu kama alama ya udhalili, na 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani akisema inaipaka nchi matope. Ugomvi ule ulihusu mambo mengi, yakiwamo madai ya biashara ya silaha, lakini kwa upande wa lishe pekee jambo la kutazamwa halikuwa kichwa cha samaki, kwa kuwa kichwa cha samaki hupikwa mchuzi pwani nzima bila mtu kuona aibu. Lilikuwa namna kilivyoshughulikiwa baada ya kutoka kiwandani, yaani kama kililala juani na nzi kwa siku ngapi, na kama kulikuwa na mtu yeyote aliyewajibika kwa usafi wake.

Kilichomo mfukoni

Chakula cha mbwa cha viwandani kina historia fupi. James Spratt, Mmarekani aliyefanya biashara London, ndiye anayetajwa kuanzisha biashara ya biskuti za mbwa miaka ya 1860, na kabla ya hapo mbwa wa Ulaya alikula kama mbwa wa Chamazi anavyokula leo, yaani kile kilichobaki jikoni. Tangu wakati huo wazo limekuwa ni kuweka katika punje moja kila kitu ambacho mwili wa mnyama unakihitaji, kiasi kwamba mbwa anaweza kula mfuko uleule maisha yake yote bila kudhoofika. Wazo hilo ndilo linalowafanya watu wengine waulize kwa nini punje hiyo isimfae na binadamu.

Kwa upande wa ulimi, kizuizi si kikubwa kama inavyodhaniwa. Watafiti watatu wa Marekani walifanya jaribio 2009 ambamo watu 18 walionjeshwa sampuli tano za nyama ya kusaga bila kuambiwa ipi ni ipi, moja ikiwa ya kopo la mbwa, na ni watu watatu tu walioitambua. Hata hivyo wengi wao waliiweka ya mwisho kwa utamu. Tofauti halisi imo mwilini. Mbwa na paka hujitengenezea vitamini C ndani ya ini, hivyo watengenezaji hawana sababu ya kuiweka nyingi katika chakula chao, ilhali mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza na huitegemea itoke kwenye matunda na mboga. Mtu atakayeishi kwa punje za mbwa pekee kwa miezi kadhaa atakuwa anajitayarishia kiseyeye, ugonjwa wa kutoka damu kwenye fizi na wa vidonda kutopona, uliowasumbua mabaharia wa zamani kabla haijajulikana kwamba ndimu huuzuia.

Chakula cha paka kina tofauti nyingine. Paka hawezi kugeuza rangi ya manjano ya mboga na karoti kuwa vitamini A kama mwili wa mtu unavyofanya, hivyo ni lazima apewe vitamini hiyo ikiwa tayari imekamilika, mara nyingi kutoka kwenye ini. Na vitamini A iliyokamilika, ikizidi, hujilimbikiza mwilini na inajulikana kuwa hatari kwa mtoto aliye tumboni. Vilevile paka huhitaji taurini, kiambata cha nyama ambacho upungufu wake, kama ilivyothibitishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California mwaka 1987, hudhoofisha moyo wake, lakini ambacho mwili wa mtu mzima hujitengenezea wenyewe. Kwa ufupi, kula kiganja kimoja cha chakula hicho hakumdhuru mtu mwenye afya, lakini mfuko ulioandikwa kuwa umekamilika umekamilika kwa mbwa au kwa paka, na ukamilifu huo haumhusu aliyeununua.

Mlango usiorudisha

Hoja nzito zaidi, hata hivyo, haitokani na virutubishi. Inatokana na njia ambayo chakula hupitia. Katika Umoja wa Ulaya sheria huyagawa mazao ya mnyama yasiyokusudiwa kuliwa na watu katika madaraja matatu, na daraja lenye hatari ndogo zaidi, ambalo ndilo linaloruhusiwa kuingia kwenye chakula cha mbwa na paka, linahusisha hata nyama iliyokuwa salama kabisa kwa binadamu wakati ng'ombe anachinjwa. Nyama hiyo ikishaamuliwa kuwa si ya watu, iwe kwa sababu za kibiashara au kwa kukosa soko, hairuhusiwi kurudi, hata kama haijabadilika kwa rangi wala harufu, kwa kuwa kuanzia hapo haitunzwi tena kwa kiwango cha chakula cha watu: chombo kinaweza kuwa kingine, ubaridi ukapungua, muda wa kusubiri ukaongezeka. Mlango huo hufunguka upande mmoja tu.

Tanzania nayo ina mlango kama huo kwa mujibu wa sheria, japo sokoni haufungwi sawasawa. Usalama wa chakula cha binadamu, ambao zamani ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019. Chakula cha mifugo kinasimamiwa na wizara inayohusika na mifugo chini ya Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya 2010. Na uchunguzi wake wa kimaabara hufanywa na Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, ambayo makao yake yapo Temeke, katika eneo ambalo abiria wa daladala hulijua kwa jina la Veterinari. Gunia la pumba linapotoka mashineni huwa limeondoka mikononi mwa mfumo mmoja na kuingia kwenye mwingine, na kile ambacho mfumo wa pili unakitafuta ni afya ya kuku na ng'ombe.

Sumukuvu huonyesha kwa nini jambo hilo si la makaratasi tu. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Haina ladha, haiondoki kwa kupikwa, huharibu ini, na ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka husababisha saratani ya ini. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakapoteza maisha. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi ya kuliwa na watu Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, ambapo mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Marekani huruhusu mikrogramu 20 katika chakula cha watu na katika chakula cha mbwa na paka, lakini huruhusu hadi 300 katika mahindi ya kuwanenepeshea ng'ombe wa nyama walio karibu kuchinjwa. Mahindi yaliyo halali kabisa mbele ya ng'ombe yanaweza, basi, kuwa na sumu mara 30 ya kiwango kinachoruhusiwa kwenye sufuria ya ugali, bila mtu yeyote kuvunja sheria na bila muuzaji kusema uongo.

Vijidudu navyo hufuata njia hiyohiyo. Punje kavu za mbwa huonekana safi kwa sababu hazina unyevu, lakini bakteria aitwaye salmonela, anayesababisha kuhara na homa, anaweza kukaa humo kwa muda mrefu. Kati ya 2006 na 2008 watu 79 waliugua Marekani kutokana na chakula kikavu cha mbwa, karibu nusu yao wakiwa watoto wadogo, na inaelekea si kwa kukila, bali kwa kukishika au kuwa karibu na mahali mnyama alipolishiwa. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga, wakikanyagwa na kuku na kunyeshewa na mvua kabla ya kukauka, wako katika hali isiyotofautiana sana na hiyo, na ndiyo maana wale walioanikwa juu ya vichanja, mbali na ardhi, huuzwa ghali zaidi na kuitwa wa kula.

Wapo wanaosema kwamba tahadhari hizi zimekuzwa kupita kiasi, kwa kuwa mnyama ni kiumbe hai na kinachomuua kitaonekana kabla hakijamfikia mtu. Matukio mawili hujibu hoja hiyo. Machi 2007 mbwa na paka wengi wa Amerika ya Kaskazini walianza kufa kwa figo baada ya kula chakula kilichochanganywa na protini ya ngano kutoka China iliyotiwa melamini, kemikali ya kiwandani inayotengenezea plastiki ambayo hudanganya vipimo vya protini kwa kuwa ina nitrojeni nyingi. Mwaka uliofuata kemikali hiyohiyo ilikutwa China kwenye maziwa ya unga ya watoto, karibu watoto 300,000 wakaugua na sita kati yao wakafariki. Onyo lililotolewa na bakuli la mbwa halikufika kwa wakati kwenye chupa ya mtoto. Uingereza nako, ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, uliotambuliwa 1986 na uliotokana na kuwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa ya mifugo wengine, ulihesabiwa kuwa shida ya ng'ombe mpaka Machi 1996 serikali ilipokiri kwamba binadamu nao walikuwa wakiupata, na watu 178 nchini humo wamefariki kwa namna yake inayowapata watu.

Suala la utu

Yote hayo hayajagusa sababu ambayo mkazi wa kawaida wa Kinondoni au Temeke angeitaja kwanza akiulizwa, nayo ni kwamba mtu si mnyama. Kwa Mwislamu, na pwani hii ina Waislamu wengi, mjadala unaweza kuishia mapema zaidi, kwa kuwa mfuko usioeleza nyama yake ni ya mnyama gani na alichinjwaje hauwezi kuwa halali hata kama ni safi kuliko maji ya dafu. Lakini hata pasipo dini, aibu ya kula cha mnyama ina mizizi mirefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipopungukiwa na nafaka, mahindi ya manjano kutoka Marekani yaliletwa kama msaada, na wananchi, ambao wengi wao waliamini kwamba huko yanakotoka ni chakula cha ng'ombe, waliupa unga wake jina la unga wa Yanga, kutokana na rangi ya jezi za Yanga, klabu ya soka ya Jangwani. Ni kweli kwamba Marekani sehemu kubwa ya mahindi hayo hulishwa mifugo. Ni kweli pia kwamba sehemu ya rangi yake ya manjano hugeuzwa na mwili wa binadamu kuwa vitamini A, ambayo mahindi meupe hayana. Kilichowaudhi watu hakikuwa punje, bali hisia ya kupewa kile ambacho mtoaji mwenyewe hakukiweka mezani kwake.

Jambo kama hilo lilijirudia Kenya mwanzoni mwa 2006, wakati wa ukame mkali, pale Christine Drummond wa New Zealand, mwanzilishi wa kampuni ya chakula cha mbwa iitwayo Mighty Mix, alipotangaza kwamba angewatumia watoto wenye njaa wa kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Victoria, chakula cha unga kilichotokana na viambato vilevile anavyotumia kwa mbwa. Alisema mwenyewe huutia unga huo kwenye uji wake. Serikali ya Kenya, kupitia msemaji wake Alfred Mutua, ilikataa na kuiona ahadi hiyo kuwa ni dharau. Ni rahisi kusema kwamba njaa haichagui, na kwamba mtoto anayekonda hahitaji heshima bali protini. Lakini kukataa huko kulikuwa na busara isiyohusu heshima peke yake. Chakula kilichotayarishwa kwa ajili ya mtu huwa na anayewajibika kwacho kwa jina la mtu: kuna kiwango kilichowekwa kwa kupima mwili wa binadamu, kuna mkaguzi, na kuna mahali pa kupeleka malalamiko mtoto akiugua. Chakula cha mnyama hakina mtu huyo, na anayekipokea anapokea pamoja nacho hatari ambayo hakuna aliyekubali kuibeba. Hapo utu na usalama hukutana na kuwa kitu kimoja.

Kwa msingi huo jibu la swali linaweza kutolewa kwa sehemu zake. Binadamu anaweza kula chakula cha mbwa, cha paka au cha kuku bila kudhurika papo hapo, na katika dharura ya siku moja au mbili, pasipo chakula kingine, punje kavu kutoka mfuko mpya ni bora kuliko njaa. Haimpasi kukifanya mlo, kwa sababu hakikupimwa kwa mwili wake, na kwa sababu kilivuka mlango usiorudisha kabla hajakiona. Nyumbani, tahadhari ni nyepesi: chakula cha mifugo kihifadhiwe mbali na cha watu, kikombe cha kuchotea pumba kisiwe kile cha kuchotea unga, mikono ioshwe baada ya kuwalisha kuku au mbwa, na mtoto anayetambaa asiachwe karibu na bakuli la mnyama. Dagaa wa kuku wasioshwe na kuuzwa tena kwa jina la dagaa wa kula, kwa kuwa maji huondoa mchanga lakini hayaondoi historia ya gunia.

Kuna pia usemi wa sokoni unaostahili kuangaliwa kwa jicho kali kuliko tahadhari zote hizo. Mteja wa Tandale anapokutana na mahindi yenye ukungu wa kijani na kuuliza kama yanafaa, hujibiwa kwa maneno mawili: ya kuku. Jibu hilo humridhisha kwa sababu linaonekana kumaliza tatizo, ilhali linalihamisha tu. Ng'ombe wa maziwa aliyefugwa uani Boko au Toangoma akila pumba za mahindi hayo, ini lake huigeuza sehemu ya sumukuvu kuwa umbo jingine linaloingia kwenye maziwa ndani ya muda usiozidi siku moja, na umbo hilo haliondoki kwa kuchemsha. Mama aliyekataa kuyapeleka mahindi yale mashineni kwa ajili ya watoto wake atayapokea asubuhi kutoka kwa muuza maziwa wa mtaani, yakiwa meupe na ya moto ndani ya chai.